Askari Mwenye Pua

Katika ukoo wetu mtu akifa, wakubwa hawaulizi kitu hiki marehemu alimpa nani. Wanauliza kimetengenezwa kwa kitu gani. Nguo ni za dada zake. Mikeka, vyungu na viti ni vya wanawake wa nyumba. Lakini chuma kilichopita motoni, kilichofuliwa au kuyeyushwa, ni cha ndugu zake wa kiume, na hapo hata mjane asifungue mdomo. Eti ni sheria ya mababu. Mababu hao hawakuwahi kuona alminiamu hata siku moja, lakini mwaka jana, hapa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, sheria yao ilitumika kuninyang'anya kitu kimoja nilichokuwa ninakitaka katika mali yote ya baba yangu. Hasira bado ninayo. Nimeikalia miezi na miezi, nimeiombea kanisani, haijatoka, kwa hiyo nimeamua kuiandika.

Kitu chenyewe kilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Ni askari wa kuchezea, wa alminiamu, amesimama wima, bunduki begani, kofia kichwani, na usoni ana pua. Ukinishangaa mimi, mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye batoto watatu, kugombania askari wa kuchezea, cheka kwanza. Ukimaliza kucheka nitakueleza pua hiyo ilitoka wapi.

Baba alikuwa fundi wa sufuria. Alikusanya alminiamu iliyokufa: sufuria zilizotoboka, pistoni za pikipiki, vipande vya madirisha, hata vijiko. Aliiyeyusha kwenye shimo la makaa, kisha akaimimina ndani ya fremu za mbao zilizoshindiliwa mchanga mweusi. Mchanga ukibanwa vizuri unashika umbo la chochote ulichokikandamiza ndani yake, na ukimimina chuma kinatoka na umbo hilo hilo. Bamama wengi wa Baraka mpaka leo wanasonga bugali ndani ya kazi ya mikono yake, na hata ukipanda mpaka Kilembwe utazikuta sufuria zake sokoni, zimechakaa lakini hazijatoboka.

Askari lakini hawakuanzia kwake. Walianzia kwangu, ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa na miaka minane. Wageni walileta gunia la vitu vya kuchezea, tukapangwa mstari. Wasichana wa mbele yangu walipata wanasesere wenye nywele. Zamu yangu ilipofika wanasesere walikuwa wameisha, nikapewa mfuko wa askari wa plastiki, wa kijani kitupu kuanzia kofia mpaka viatu. Nililia njia nzima. Tumekimbia askari, tumevuka ziwa kwa sababu ya askari, halafu mtu anampa mtoto askari! Jirani mmoja alimwambia mama awatupe chooni, watatuletea mkosi. Mama hakuwatupa.

Jioni niliwamwaga kwenye mkeka niwatazame tu, na nikanyamaza. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Huyu amelala kifudifudi analenga. Huyu anaangalia mbali kwa darubini. Mwingine amebeba redio mgongoni, na redio ina vitufe, na askari mwenyewe ana vifungo vya shati, ana vidole, ana pua nyembamba ya mtu mwenye madharau. Hawa hawakufunga barabara kwa kamba. Hawakuuliza mnatoka wapi na mmebeba nini. Niliwapenda siku hiyo hiyo, na sijamwomba mtu yeyote msamaha kwa hilo.

Baba kambini hakuwa na kazi, na fundi asiye na kazi ni mgonjwa. Siku moja alimchukua yule wa redio, akamkandamiza kwenye mchanga ndani ya kopo la mafuta ya msaada, akayeyusha mfuniko wa sufuria uliopasuka, akamimina. Kesho yake aliniletea askari wa chuma, bado ana masizi.

"Ona hii," alisema. "Hii njo askari. Bale yako ni maganda tu."

Nilimpima mkononi. Alikuwa mzito kweli. Nilimgeuza nimtazame usoni, na uso ulikuwa laini kama yai.

"Hana pua," nilisema.

"Askari anapiga risasi na pua?"

"Sasa adui atamunusa na nini?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Ugomvi wetu ulianza hapo, na ulidumu miaka zaidi ya ishirini.

Tulirudi Baraka, nikakua, nikaolewa mtaa wa pili tu kutoka kwa wazazi, nikaanza cherehani, na bado tulikuwa tunakusanya, kila mtu upande wake. Mi nilipekua balo, yale marobota ya mitumba. Zikifunguliwa nguo za batoto, mara nyingine unakuta askari wawili watatu wamejificha mfukoni mwa suruali ndogo, mwenye suruali alikua akawasahau. Wauzaji walinijua, wakaniwekea kando. Wapya wa dukani sikuwataka, bunduki zao zinapinda zenyewe kwa jua. Aliyepinda nilimchovya kwenye maji ya moto, nikamnyoosha, nikamtia kwenye maji ya baridi, akakaa sawa. Baba alinikuta jikoni nikifanya hivyo, akauliza kama nawapikia au nawapika.

Alikuwa na hoja zake na zilikuwa nzuri, sitamnyima. Plastiki ikikaa juani miaka inakauka, unamshika mguu unabaki na mguu. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani, wangu walianguka wote kwa mara moja, wa kwake wanasimama. "Askari ya kuangushwa na chafya!" alisema, na alipenda sana kupiga chafya karibu na meza yangu. Mi nilimjibu kwamba wa kwake wanasimama kwa sababu ni madonge. Nani atamjua askari asiye na macho, asiye na vidole, asiye na pua? Kila mara nilirudi kwenye pua. Nilijua inamuuma.

Jumapili moja baada ya ibada tuliamua kumaliza maneno ziwani. Kila mmoja amrushe askari wake majini, tuone. Wa baba alizama, tubwi! Baba akavua shati, akaingia mpaka maji ya kifuani, akamtafuta kwa miguu, akamtoa. Wangu alielea. Nilipiga kigelegele, ona, wangu anajua kuogelea! Kabla sijamaliza kigelegele, wimbi lilimchukua, upepo ukamsukuma, akaenda zake. Bamama waliokuwa wanaanika ndagala, wale samaki wadogo, wakasema huyo anarudi Tanzania kuomba ukimbizi. Baba alinipa wa kwake nimfute maji.

"Plastiki haina kwao," alisema. Sikumsemesha siku mbili.

Nilikuwa na neno moja tu ambalo alishindwa kulijibu. Askari wake wote walitoka kwenye umbo la askari wangu. Baba hakujua kuchonga, alijua kukandamiza. "Bila plastiki yangu ungekuwa na madonge," nilimwambia. "Bako wamezaliwa na bangu." Akifikishwa hapo alianza kutafuta makaa ambayo hayakupotea, na kuniambia niende nikashone nguo za watu.

Miaka ya mwisho kifua kilimchoka. Moshi ule wote ulikuwa umekaa ndani yake. Alishinda kibandani bila kuwasha moto, na mama alifikiri anapumzika. Kumbe alikuwa na msumari ulionolewa na kipande cha tupa, anachonga donge moja alilolimimina kitambo. Mara hii hakukandamiza kitu chochote kwenye mchanga. Alichonga kwa jicho lake, kwa mkono uliokuwa unatetemeka, wiki baada ya wiki. Siku aliyoniita nilimkuta amefunga ngumi.

"Fungua mukono," aliniambia.

Alinitilia askari kiganjani. Huyu hakuwa na redio mgongoni. Bega moja lilikuwa chini kuliko lingine, bunduki ilikuwa nene, na usoni palikuwa na pua. Ilikuwa pua kubwa, imekaa upande kidogo, tundu moja limechimbika kuliko lingine. Nilipitisha kidole juu yake mara nyingi. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya dawa.

"Hii haisemi plastiki imeshinda," baba alisema. "Ni ya kwako. Sasa nyamaza."

Miaka yote ile nilimtania juu ya pua, na ile ndiyo mara pekee aliyonijibu. Nilimrudisha askari mezani pamoja na wenzake, nikasema nitamchukua siku nyingine. Niliona aibu kumbebea mgonjwa vitu vyake nyumbani akiwa bado anapumua. Tena nikaleta wangu wa plastiki, nikawapanga pamoja na wa kwake kwenye ubao, awe na kitu cha kutukana akiamka. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Baba mudogo alishuka kutoka Lulimba kwa moto, ndiyo pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka kwenye kope. Ni mdogo wa baba, tumbo moja. Huko ananunua dhahabu kwa wachimbaji, na kanisani kwao ni mzee wa kanisa. Alimlilia baba kilio cha kweli, alijirusha chini mpaka wakamshika. Nasema hivyo ili usije ukafikiri ni mchawi. Kama angekuwa mchawi ningepumzika.

Asubuhi ya kuvunja matanga, mama alinivuta jikoni.

"Ile askari yako," alisema, "funga mu kitenge, weka ku kiuno, nyamaza."

"Mama, ni yangu. Baba alinipatia. Nifiche kitu yangu sawa mwizi?"

"Mutoto yangu, we hujui bale batu."

Nilikataa. Nilijiona mwenye haki, na mwenye haki anafichaje? Walisema wahenga kwamba mdomo uliponza kichwa. Mi nilikuwa na mdomo, na kichwa chenyewe kigumu. Nilitoka uani nikakaa na bamama wengine, miguu nimenyoosha, nimetulia kabisa.

Walitandika mikeka miwili. Mmoja wa vitu vya moto, mmoja wa vingine vyote. Nyundo, koleo, makopo ya alminiamu chakavu, vikaenda mkeka wa kwanza. Kiwanda ni cha wanaume, sawa, wachukue, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumimina sufuria. Kisha baba mudogo aliingia ndani akatoka na ule ubao wa askari. Akachuchumaa, akaanza kuwachambua kama mtu anayechambua maharagwe. Wa chuma, mkeka wa wanaume. Wa plastiki, mkeka wa wanawake. Alipomshika mwenye pua nilisimama.

"Baba mudogo, samahani. Uyo ni wangu. Baba alinipatia akiwa muzima."

"Alikupatia mbele ya nani?"

"Mbele ya mama."

Wazee walitazamana. Mjane siku hiyo hana ushahidi. Walilisema hilo kwa sauti, mama akiwa amekaa pale pale, kichwa kimenyolewa, wakimzungumzia kama wanazungumzia kiti.

"Hii ni kitu ya moto," baba mudogo alisema. "Kitu ya moto ni ya bandugu."

"Hii si nyundo, baba mudogo. Ni ya kuchezea. Na alminiamu si chuma."

"Inayeyuka mu moto?"

"Inayeyuka."

"Basi ni chuma."

"Hata plastiki inayeyuka mu moto!"

"Plastiki inanuka," alisema, na watu wazima wenye mvi wakatikisa vichwa, kana kwamba amewasomea mstari wa Biblia.

Inanuka! Nilitazama huku na huku nione kama kuna mtu mmoja anayeona haya. Hakuna. Damu ilinipanda. Nikalitoa lile neno langu la siku zote, lililomshinda hata baba. Nikasema askari hawa wote wa chuma walizaliwa na plastiki yangu. Marehemu alikandamiza wangu kwenye mchanga, ndiyo akapata wake. Bila hawa, wale hawapo. Mtamtengaje mtoto na mama yake?

Niliona nimeshinda, nikaweka mkono kiunoni. Baba mudogo alimwokota yule wa kwanza wa redio, wa plastiki, kwa mkono wa kushoto. Mwenye pua alikuwa bado kwenye mkono wa kulia. Akawainua juu wote wawili watu wawaone.

"Donc, basi, plastiki njo mama?"

"Ndiyo."

"Na hii ya chuma ni mutoto."

"Ndiyo!"

"Asante, mama. Na kwetu mutoto ni ya nani? Si ni ya ukoo ya baba yake?"

Akamweka mwenye pua kwenye mkeka wao, akanirudishia plastiki mkononi.

Wee! Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia hata harusini. Wazee walijipiga mapaja. Mume wangu mwenyewe alijifunika mdomo na kofia, nilimwona, na hilo tutalizungumza mpaka uzee. Na mi nilikuwa nimesimama katikati, maneno yangu mwenyewe yamenifunga kamba. Ndipo nilipokumbuka. Huyu mwenye pua hakuzaliwa na plastiki yoyote! Baba alimchonga kwa mkono, ni yeye peke yake kati ya wote ambaye hakutoka kwenye umbo la wangu. Neno la kumwokoa lilikuwa hilo, na mi nilikuwa nimetoa lile jingine kwa ajili ya kujisifu. Nilipiga kelele, "Uyu hakukandamizwa! Uyu alichongwa!" Hakuna aliyesikia. Waliosikia walifikiri ninazidisha mchezo, wakacheka tena.

Wa chuma wote waliingia kwenye mfuko wa unga uliokwisha, ukafungwa nyuma ya moto pamoja na koleo. Baba mudogo aliniaga vizuri, akanishika kichwa, akaniombea. Mama hakusema "nilikuambia." Aliendelea kuosha sahani za wageni, na alinipa upande wangu nioshe.

Kwa miezi minne nilijaribu kusahau. Nilikosea suruali za watu, nikashona mfuko wa nyuma mbele. Mama alisema niache, mali inapita. Nilimjibu kwamba hii si mali. Mwisho nilichukua uamuzi: nitamfuata baba mudogo kwa heshima, nimpe kitu, tubadilishane. Nikamchukua yule wa redio, mkubwa wao, aliyetoka nami kambini. Katika vitu vyangu vyote hakuna ninachokipenda zaidi. Nilimfunga kwenye kitambaa, nikapanda moto.

Njia ya Lulimba mnaijua, na kama hamuijui, mgongo wangu unaijua. Nilifika kiuno kimekufa. Baba mudogo alinipokea kwa furaha ambayo haikuwa ya uongo. Aliagiza soda, akamwita mke wake aue kuku, akauliza habari za mama, akatikisa kichwa kwa huzuni nilipomweleza. Duka lake ni chumba kimoja chenye meza ya mbao. Mchimbaji mmoja alikuwa amekaa pale anasubiri, matope yamemkaukia miguuni, ameshika karatasi iliyokunjwa.

"Ngoja nimalizie uyu ndugu," baba mudogo aliniambia, "kisha tutaongea mpaka tuchoke."

Alitundika mizani yake, ile ya visahani viwili vinavyoning'inia kwa nyuzi. Mchimbaji akafungua karatasi, akamwaga dhahabu yake kwenye kisahani kimoja, polepole, ameshika pumzi. Baba mudogo akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitikisa, akatoa kipimo, akakiweka kwenye kisahani cha pili. Kipimo kilikuwa askari.

Nilimjua kwa bega lililoshuka. Uso sikuujua. Ulikuwa bapa, unang'aa, umepigwa tupa mpaka umekuwa sawa na ukucha. Bunduki ilikuwa imekatwa mdomo. Visahani viwili vilicheza, vikatulia, vikalingana. Nilitazama ndani ya kopo. Wenzake walikuwa humo, mmoja amekatwa kiunoni, mwingine hana miguu, mwingine amebaki kichwa na redio.

"Baba mudogo," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya chini, ilinishangaza hata mimi. "Pua iko wapi?"

"Pua gani?"

"Uyu askari alikuwa na pua."

Alimwinua kwenye mwanga wa mlango, akamtazama kwa makini. Alijaribu kukumbuka kwa kweli, sitasema alijifanya.

"Aa, ile! Ilikuwa inazidi kidogo."

Akanieleza kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake. Askari huyu, alisema, ni kama Mungu alimtuma: alikuwa karibu sawasawa na tola moja, kile kipimo kikubwa wanachopimia dhahabu huko. Alizidi kitu kidogo tu. "Nilikata bunduki, bado anazidi. Nikapiga tupa ile pua, akakuwa juste, sawa kabisa. Ona mwenyewe." Akanionyesha ulimi wa mizani uliosimama katikati. "Kama ningeacha ile pua, ningekuwa naiba uyu baba kila siku. Kidogo, kidogo, lakini kuiba ni kuiba. Mi siwezi kula jasho ya mutu."

"Kweli kabisa," mchimbaji alisema. "Muzee ni mwaminifu."

Mwaminifu! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kwa punje isiyofika hata yai la chawa hakutaka kumdhulumu mtu asiyemjua jina, akakesha na tupa mkononi, anamwogopa Mungu. Na mama yangu alimfunga mdomo mbele ya mtaa mzima, akala kuku wake, akapanda moto, akalala usingizi. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia mbele ya mteja wake, nimesimama, mate yananiruka. Nilimwambia nilibishana na ndugu yake juu ya pua tangu nikiwa na miaka minane, akaninyamazia miaka yote, akanijibu mara moja tu kabla ya kufa, na jibu lenyewe lilikuwa hapo usoni kwa huyo, na we umelifuta kwa tupa ili lisizidi.

Mchimbaji aliangalia miguu yake. Mama mudogo, mke wake, alikuwa amekuja mlangoni na manyoya ya kuku mikononi. Baba mudogo alinitazama, na nilichokiona machoni mwake kilikuwa huruma, huruma safi kabisa, na hapo ndipo nilipotaka kumrukia.

"Kumbe ulikuwa unaipenda hivyo?" alisema. "Mutoto yangu, si ungesema?"

Alimtoa askari kwenye kisahani, akampangusa kwenye shati lake, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Chukua, mama. Bengine biko. Nitapiga tupa mwingine."

Hakutaka hata kumwona yule wa redio niliyemletea. Nilimrudisha kwenye kitambaa. Kuku sikumla, nilisema njia ni mbali, mvua inakuja, na wote watatu walinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa heshima. Yule wa baba nilimshika ngumini njia yote mpaka Baraka, kwenye mashimo na kwenye matope, na kila nilipojisahau kidole changu kilikuwa kinampapasa usoni, kinatafuta.